Jino Halina Tarehe ya Kuzaliwa

Leo tuzungumze juu ya umri, na hasa juu ya ule mpaka wa miaka 18 ambao sheria imeuweka kati ya mtoto na mtu mzima. Mwenye cheti cha kuzaliwa huuvuka mpaka huo bila kuulizwa mengi. Asiye nacho, siku akijikuta mbele ya hakimu au afisa wa uhamiaji, anaweza kuambiwa afungue mdomo. Meno yake yanapigwa picha ya eksirei, daktari anaitazama, kisha anaandika barua. Barua hiyo huenda ikaamua atalala wapi usiku huo, nani atamlea, na kama atahukumiwa kama mtoto au kama mtu mzima.

Tuanzie Kenya. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inapanga adhabu ya anayemnajisi mtoto kwa kufuata umri wa mtoto huyo. Akiwa na miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Kwa hiyo upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha umri, kama unavyothibitisha kitendo chenyewe na aliyekitenda. Mtoto akiwa na cheti, jambo hilo humalizika mapema. Asipokuwa nacho, hupelekwa hospitali ya serikali kupimwa umri, na mara nyingi anayempima ni daktari wa meno.

Mahakama za Kenya zimekuwa zikifuata uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Uganda uliotoka katika rufaa ya mwaka 2000. Uamuzi huo uliupa ushahidi wa daktari nafasi ya kwanza pale ambapo hakuna ushahidi mwingine. Ukaongeza kwamba umri unaweza pia kuthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kwa maneno ya wazazi au walezi, na hata kwa kumtazama mtoto na kutumia busara. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaitaka mahakama ichunguze umri wa mtu anayefikishwa mbele yake akionekana kuwa mtoto.

Sasa swali: kwa nini jino? Kwa nini si urefu, sauti au ndevu? Jibu ni kwamba urefu hutegemea sana chakula, na ndevu na sauti hutegemea homoni. Mtoto aliyelala njaa miaka mitatu hudumaa. Mifupa yake nayo huchelewa. Meno hayayumbi sana hivyo: njaa na maradhi huyagusa, lakini hayachelewi kama mifupa. Ndiyo maana wataalamu wakitaka kukadiria umri wa mtoto mdogo huyaamini meno kuliko kiungo kingine.

Na kwa mtoto mdogo imani hiyo ina msingi. Gego la kwanza la utu uzima huchomoza karibu na miaka 6. Gego la pili huchomoza karibu na miaka 12. Katikati hapo meno ya utotoni yanang'oka na mengine yanaota kwa mpangilio unaojulikana, na kila jino lina hatua zake ndani ya taya kabla halijaonekana. Daktari mwenye picha nzuri ya taya la mtoto wa miaka 7 ana mambo mengi ya kulinganisha, na makadirio yake hayawezi kwenda mbali sana na ukweli.

Waingereza waliligundua hilo zamani. Mwaka 1833 walitunga sheria ya viwanda iliyokataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, na kupunguza saa za kazi za waliozidi umri huo. Lakini usajili wa vizazi nchini mwao ulianza mwaka 1837. Mzazi maskini na mwenye kiwanda walikuwa na sababu moja ya kusema mtoto ni mkubwa: mmoja alihitaji ujira, mwingine alihitaji mikono. Daktari wa meno Edwin Saunders akawachunguza watoto zaidi ya elfu moja, na mwaka huo wa 1837 akachapisha kijitabu cha kuonyesha kwamba meno ni kipimo bora cha umri kuliko kimo. Tuliweke akilini jambo moja hapa. Saunders aliyatumia meno kumtoa mtoto kwenye mashine, na watoto aliowashughulikia walikuwa wa miaka 9 na 13, umri ambao meno bado yana mengi ya kusema.

Shida inaanza baadaye. Mtoto akifika miaka 13 hivi, kwa kawaida mdomoni mwake mna meno 28. Kuanzia hapo mpaka gego la mwisho litokeze, hesabu haibadiliki. Mtoto wa miaka 13 na kijana wa miaka 17 wanaweza kufungua midomo mbele ya daktari mmoja, na kwa kuhesabu tu daktari asiwatofautishe. Na sheria ya Kenya niliyoitaja inataka ijulikane kama mtoto ana miaka 15 au 16! Hapo katikati ya ukimya wa meno ndipo sheria imeweka tofauti ya miaka mitano ya kifungo.

Kuhesabu kuna hatari nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaijua. Kuna jamii zilizokuwa na desturi ya kung'oa meno ya mbele ya taya la chini, kama Waluo na Wamaasai. Na mpaka leo wapo watoto wachanga wanaotolewa kinachoitwa meno ya plastiki, yaani vichipukizi vya meno ya utotoni, kwa imani kwamba vinaleta homa na kuhara. Ung'oaji huo unaweza kuharibu hata jino la utu uzima lililojificha chini. Anayehesabu meno bila kuuliza historia ya mdomo atahesabu vibaya.

Kwa hiyo inahitajika picha ya eksirei, ili daktari aone kilicho ndani ya fizi. Katika miaka ya karibu na 16 meno mengine yote yamekwisha kufunga mizizi. Linalobaki likikua ni gego la mwisho, lile la nyuma kabisa. Taji lake hujengwa utotoni, mizizi yake hurefuka katika ujana, na ncha za mizizi hiyo hujifunga wakati kijana anaingia utu uzima. Mwaka 1973 watafiti wakiongozwa na Arto Demirjian, waliochunguza watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa, waligawa ukuaji wa jino katika hatua nane, kuanzia A hadi H. Wao walishughulika na meno saba ya taya la chini na kuliacha gego la mwisho. Waliokuja baadaye wakazihamishia hatua zilezile kwenye gego hilo, kwa sababu hapakuwa na jino jingine la kuuliza.

Na jino hilo lililobaki peke yake ndilo lisilotabirika kuliko yote. Kuna watu wanaolikosa: karibu mtu mmoja kati ya watano duniani amekosa walau gego moja kati ya yale manne ya mwisho. Walio nayo hawayakomazi kwa wakati mmoja. Maua ya mwembe mmoja yanaweza kufunguka wiki moja, na bado maembe yake yasiive siku moja. Mchumaji anajua lipi limeiva, hajui lilichanua siku gani. Picha ya eksirei inamweleza daktari kwamba gego limekomaa. Haimwelezi lilianza safari lini.

Mwaka 1993 mtafiti Mincer na wenzake walichapisha utafiti uliofanyiwa vijana wa Marekani na Kanada. Waligundua kwamba gego la mwisho likifika hatua ya H, mizizi ikiwa imefunga kabisa, uwezekano wa mwenye gego kuwa ametimiza miaka 18 ni kama asilimia 90. Msikilizaji, asilimia 90 inasikika kuwa kubwa. Igeuze uitazame upande wa pili. Chukua vijana 1,000 wa aina ile waliochunguzwa, wote wenye magego yaliyokomaa. Takriban 100 kati yao bado ni watoto. Hao mia moja hawana alama yoyote usoni ya kuwatenga na wenzao.

Tena, asilimia ile ni ya vijana wale. Watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Andreas Olze walilinganisha magego ya mwisho ya Wajerumani, Wajapani na Waafrika Kusini weusi, na matokeo yao yakatoka mwaka 2004. Waafrika Kusini walitangulia kukomaza magego, Wajerumani wakafuata, Wajapani wakaja mwisho. Nairobi nako, utafiti wa miaka ya 1980 ulikuta magego ya mwisho ya vijana Waafrika yakichomoza mapema kuliko ya vijana wenye asili ya Asia wa mji huohuo. Maana yake ni nzito. Kijana wa Kiafrika akipimwa kwa jedwali lililotengenezwa kwa vijana wa Ulaya au Marekani Kaskazini, jedwali litaelekea kumwongezea umri. Kosa hilo halitawanyiki sawasawa huku na huku. Linaelemea upande mmoja, na upande wenyewe ni wa kumtoa mtoto katika utoto.

Hilo si jambo la darasani tu. Mwaka 2015 watu wapatao 163,000 waliomba hifadhi nchini Sweden, na zaidi ya 35,000 kati yao walikuwa watoto waliofika bila wazazi, wengi wakitoka Afghanistan, na wengine Syria, Somalia na Eritrea. Mwaka 2017 idara ya serikali ya uchunguzi wa kitabibu kwa ajili ya mahakama ikaanza kuwapima umri kwa eksirei ya magego ya mwisho na picha ya MRI ya goti. Kwa wavulana, goti lililokomaa liliweza kutosha kumtia kijana katika kundi la watu wazima, hata kama gego lake lilikuwa bado. Wataalamu wa takwimu na madaktari wa nchi hiyohiyo walilalamika kwamba kiwango cha kosa hakikuelezwa ipasavyo. Kwa kijana aliyehusika, matokeo yale yalikuwa na uzito wa kumnyima shule, mlezi, na hata ruhusa ya kubaki nchini.

Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 2022 iliyofungua mlango wa vipimo hivi kwa waomba hifadhi. Kamati ya wanasayansi iliyoishauri serikali ilitoa ripoti Januari 2023. Ilitaja eksirei ya gego la mwisho na ya mkono, pamoja na MRI ya goti na ya mtulinga, lakini ikaonya kwamba vipimo hivyo haviwezi kutaja umri kamili wa mtu. Chama cha madaktari wa meno wa Uingereza kimekuwa kikipinga matumizi haya kwa miaka mingi. Hoja yao ni ya maadili: eksirei ni mionzi, na mionzi hupigwa mgonjwa kwa ajili ya matibabu yake. Ni kweli kwamba mionzi ya picha moja ya meno ni kidogo, inalingana na ile tunayoipata kutoka ardhini na angani kwa siku chache. Lakini ridhaa ina uzito gani pale ambapo sheria hiyohiyo inasema anayekataa kupimwa bila sababu ya maana, kukataa kwake kutamharibia sifa ya kuaminika?

Nisieleweke vibaya. Serikali ina haki ya kuuliza umri. Mtu wa miaka 25 akijiita mtoto akalazwa bweni moja na mtoto wa miaka 14, huyo wa miaka 14 yuko hatarini, na aliyemlaza hapo ana lawama. Mshtakiwa wa kosa la kunajisi naye ana haki ya kutofungwa miaka 20 kwa umri wa kubahatisha. Kwa hiyo swali la umri ni halali. Ninachokikataa ni kulijibu kwa uhakika ambao jino halina.

Hata kwenye mpira tumeona jinsi ya kulijibu kwa kiasi. FIFA ilipoamua kuwapima wachezaji wa mashindano ya chini ya miaka 17, kuanzia Kombe la Dunia la Nigeria mwaka 2009, ilichagua MRI ya kifundo cha mkono, ambayo haina mionzi, na ikauliza swali moja dogo: je, mfupa umeungana kabisa? Watanzania wanakumbuka timu yao ya taifa ya umri huo, Serengeti Boys, ilivyopata nafasi ya kwenda mashindano ya Afrika nchini Gabon mwaka 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake kupimwa. Lakini mpira ni mpira. Kipimo kikikosea uwanjani, kijana anakosa mashindano. Kikikosea mpakani au mahakamani, anapoteza ulinzi wote ambao sheria imempa mtoto.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililiona hilo Julai 2022, katika kesi ya kijana kutoka Gambia aliyefika Italia mwaka 2016 akasema ana miaka 17. Alipigwa eksirei ya mkono, akahesabiwa mtu mzima, akawekwa zaidi ya miezi minne katika kituo cha watu wazima kilichofurika. Majibu ya kipimo hayakuonyesha kiasi cha kosa kinachowezekana. Mahakama iliamua kwamba Italia ilivunja haki zake. Sheria ya Ufaransa, ambayo Baraza la Katiba la nchi hiyo liliikubali mwaka 2019, inataka jibu la kipimo cha mifupa liseme wazi kiasi cha kosa, inakataza kipimo hicho kuamua peke yake, na inasema shaka imnufaishe kijana. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilikwenda mbali zaidi mwaka 2017 ikizitaka nchi ziache kutegemea mifupa na meno.

Na hapa kwetu tuitazame shaka kwa makini, kwa sababu inaangukia pande mbili. Mtoto akiwa mshtakiwa, shaka juu ya umri wake inapaswa kumfanya ahesabiwe mtoto. Lakini mtoto akiwa ndiye aliyetendewa kosa, shaka juu ya umri wake humnufaisha mshtakiwa, kwa sababu katika jinai shaka ni ya mshtakiwa. Wakili hodari atasimama na kumwuliza daktari: umesema takriban miaka 15, je, haiwezekani akawa na 17, au hata 18? Daktari mkweli atajibu kwamba inawezekana. Basi adhabu itapungua, au kesi itaanguka. Mtoto yule alitendewa unyama, na sasa anapoteza haki yake kwa sababu ya karatasi ambayo watu wazima hawakumtafutia alipozaliwa.

Kwa hiyo nina maombi manne.

La kwanza ni kwenu madaktari wa meno mnaoandika barua hizi. Andikeni umri kwa kiwango, si kwa namba moja. Semeni ni kati ya umri gani na upi, mmetumia njia gani, na njia hiyo ilitokana na watoto wa wapi. Kama mlihesabu meno bila eksirei, semeni hivyo. Uhakika wa uongo unamwumiza mtoto leo na kuiumiza taaluma kesho.

La pili ni kwenu mahakimu, waendesha mashtaka na maafisa ustawi wa jamii. Kabla ya kumpeleka mtoto kwenye mashine, tafuteni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, daftari la shule ya msingi, umri wa ndugu waliomtangulia na waliomfuata. Msikilizeni mama. Mama wa Kenya asiyejua tarehe anaweza kujua kwamba alijifungua wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, au mwezi ule watu walipopigia kura katiba mpya, Agosti 2010. Ushahidi wa namna hiyo unaweza kuhojiwa na kuhakikiwa, na mara nyingi utaufikia mwaka wa kuzaliwa kwa karibu kuliko mzizi wa gego.

La tatu ni kwa jamaa zetu walioko Ulaya, wanaowasaidia vijana wa Kikongo, Kirundi au Kisomali kuomba hifadhi. Mwambieni kijana ana haki ya kuelezwa kipimo kwa lugha anayoielewa kabla hajakubali, na kupewa matokeo yake kwa maandishi. Mtafutieni wakili mapema. Msimshauri kamwe adanganye umri, maana uongo wa mmoja unawafunga milango watoto wa kweli wanaokuja nyuma yake.

La nne ni kwako mzazi, na ndilo kubwa kuliko yote. UNICEF ilisema mwaka 2024 kwamba duniani kote watoto wapatao milioni 150 wa chini ya miaka mitano hawajasajiliwa, na zaidi ya nusu yao wako Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania, kupitia wakala wake wa usajili, RITA, imekuwa tangu 2013 ikisogeza usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti cha kwanza hutolewa bure. Kenya inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita. Usingoje aanze shule. Usingoje upate matatizo. Mpeleke akiwa bado mgongoni, na cheti ukipata kitunze mahali pakavu, na nakala yake iwe kwa ndugu.

Eksirei ya meno ina nafasi yake, kama ushahidi mmoja kati ya ushahidi mwingi, unaosomwa kwa tahadhari na mtu anayejua mipaka yake. Haikuumbwa kuwa hakimu. Taifa linaloandika majina ya watoto wake siku wanapozaliwa halitakuwa na haja ya kuwafungua midomo ili kuwatambua.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto asiye na cheti, wiki hii nenda kamwandikishe.